Damu ya Mgonjwa ni Amana

Maandiko ya wiki: 2 Samweli 23:13–17, Marko 5:22–43



Nikitembelea wagonjwa hapa Diff kuna swali moja linanifuata kila mahali, ila kila mtu analiuliza kwa njia yake. Mama mmoja wa kanisa aliniambia, "Pasta, ile damu walinitoa, waliipeleka wapi?" Kijana wa boda boda akasema, "Walijaza chupa tatu. Tatu za nini, na mimi naumwa kichwa tu?" Mzee mmoja Msomali, jirani yetu, alinionyesha mkono akasema, "Walinitoa damu kabla ya mvua. Mvua imekuja, imeisha, na hakuna mtu ameniambia kitu."

Ukiwasikiliza vizuri, hakuna hata mmoja anayelalamikia sindano. Sindano inauma kidogo, halafu basi. Wanachouliza ni kizito zaidi. Kitu kilichokuwa ndani ya mwili wangu asubuhi, na sasa kiko kwenye chupa ya mtu mwingine, ni cha nani? Na yule aliyekichukua, ana wajibu gani kwangu akishaondoka nacho?

Nitasema jibu langu mapema, halafu mlipime kwa Maandiko. Damu ya mgonjwa ni amana. Anayeichukua amepokea kitu cha mwenyewe kwa kusudi maalum, na deni lake haliishi pale anapochomoa sindano na kuweka pamba. Linaisha siku majibu yanapomrudia mwenye damu, kwa lugha anayoielewa.

Maji ambayo Daudi hakuyanywa

Daudi alikuwa ngomeni, Wafilisti wamekaa Bethlehemu, naye akatamani maji ya kisima kilichokuwa karibu na lango la mji wake. Hakumtuma mtu. Alitamani tu, kwa sauti. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya jeshi la adui, wakateka maji, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana, kwa sababu machoni pake yale hayakuwa maji tena. Ilikuwa damu ya wanaume waliohatarisha maisha yao.

Mtu wa biashara angesema Daudi amepoteza mali. Maji yameshafika, watu wamerudi salama, si unywe tu! Lakini Daudi alielewa jambo moja: kitu kilichopatikana kwa gharama ya mwili wa mwingine hakigeuki kuwa mali ya kawaida kwa sababu tu kimefika mkononi mwako. Walimpa kwa hiari, tena kwa upendo, na bado hakuona kwamba ana ruhusa ya kukifanyia lolote analotaka.

Huku kwetu Kaskazini Mashariki somo hili si geni. Kwa majirani zetu Wasomali, damu ya mtu ikimwagika, hata kwa ajali, wazee wanakaa chini ya mti, maslaha yanafanyika na diya inahesabiwa kwa ngamia. Unaweza kubishana na baadhi ya hukumu za maslaha, na mimi nabishana nazo, hasa pale msichana anapoumizwa halafu wanaume wanamaliza mambo kwa mifugo. Lakini msingi wake nauheshimu: hakuna damu ya bure. Hata wale makuhani waliomlipa Yuda waliliona hilo. Fedha ziliporudishwa, waliogopa kuziingiza katika hazina ya hekalu kwa sababu zilikuwa zimenunua damu ya mtu.

Kabla ya kuingia katika huduma nilisomea biashara, kwa hiyo mnisamehe nikitumia daftari. Somo la kwanza la uhasibu ni kwamba kila kitu kinaandikwa mara mbili. Ukipokea magunia kumi ya sukari kwa mkopo, unaandika kwamba magunia yameingia, halafu unaandika anayekudai. Ukiandika upande mmoja tu, hesabu haikubali, hata kama hukuiba kitu. Sasa, damu inapotolewa, upande mmoja huandikwa vizuri: jina, umri, tarehe, kipimo. Upande wa pili, yaani mwenye damu aliambiwa nini na ni nani aliyemwambia, mara nyingi unabaki mtupu. Sisemi kuna mwizi. Nasema daftari halijafungwa.

Mgonjwa haulizwi uji?

Kuna mtu atanijibu kwa methali: mgonjwa haulizwi uji. Ukimpenda mgonjwa unampikia, unampa, hungoji aseme ndiyo. Vivyo hivyo, atasema, daktari anajua dawa na vipimo, mgonjwa hajui. Kwa nini umsumbue kwa maelezo? Mtoe damu, mpime, mtibu, aende nyumbani akiwa mzima.

Methali hiyo naipenda, na imelisha wagonjwa wengi. Lakini hebu tuangalie tofauti. Uji unampa. Damu unaichukua kwake. Anayepewa uji anaweza kuuacha kwenye kikombe. Anayetolewa damu hawezi kuirudisha. Pale ambapo mkono wako unaingia katika mwili wa mwenzako na kutoa kitu, nia njema peke yake haitoshi, inabidi useme.

Hata sheria ya nchi imeliona hilo. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, vipimo vilivyopo, faida na hatari zake, tena kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayojali kiwango chake cha kusoma. Ana haki ya kukataa pia, na kuelezwa matokeo ya kukataa. Ikiwa ni dharura, na kuchelewa kunaweza kumuua, wahudumu wanaruhusiwa kumwokoa kwanza. Hiyo ni busara, na haipingani na ninachosema. Aliyezimia hawezi kuulizwa. Lakini akiamka aambiwe.

Na tazameni jinsi maelezo yenyewe yalivyo mafupi. Yule kijana wa boda boda aliogopa chupa tatu. Kumbe kila rangi ya kifuniko ina kazi yake. Chupa ya kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, ili chembe zake zihesabiwe. Nyekundu huachwa damu igande, ili yale maji yake ya juu yapimwe. Ya kijivu ina dawa inayozuia sukari isiendelee kuliwa na chembe za damu kabla haijapimwa. Damu ya chupa moja haiwezi kufanya kazi zote tatu. Na kiasi je? Mililita 5 ni kama kijiko kimoja cha chai. Mtu mzima ana damu ya kama lita 5, yaani vijiko elfu moja. Chupa tatu ni vijiko vitatu, na mwili unavirudisha. Nimeyasema yote hayo kwa aya moja. Kijana angeelezwa nusu yake tu pale kwenye kiti, asingetembea na hofu wiki nzima.

Foleni na binti ya Yairo

Wauguzi wetu watasema, "Pasta, wewe ongea tu. Mimi niko peke yangu, nje kuna watu sitini, watoto wanalia, jua kali." Ni kweli. Nawaona wakifanya kazi saa ya chakula, na siandiki haya ili kuwaongezea mzigo. Lakini tusome Marko 5.

Yairo amemwambia Yesu kwamba binti yake yuko karibu kufa. Hiyo ni dharura hasa. Umati unasonga, kila mtu anataka kitu. Katikati ya haraka hiyo, mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anagusa vazi la Yesu kwa nyuma. Marko anatuambia habari zake za hospitali, tukitumia neno la leo: alipitia kwa matabibu wengi, akateseka, akamaliza mali yake yote, na hali ikawa mbaya zaidi. Sasa amegusa, na damu imekoma. Kwa hesabu ya kliniki, kesi imeisha. Mgonjwa amepona, mwite anayefuata.

Yesu akasimama. Akauliza nani amemgusa. Wanafunzi wakaona swali halina maana, na Yairo, bila shaka, aliona dakika zinayoyoma. Mwanamke akaja akitetemeka, akasema yote, na Yesu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita binti. Kupona alikuwa amekwisha kupona. Alichokuwa hajapata ni mtu wa kumtazama usoni baada ya miaka 12 ya kushikwa-shikwa na watu wasiomsikiliza.

Lakini tuseme ukweli wote. Wakati Yesu anamsikiliza yule mama, habari ilikuja kwamba binti ya Yairo amekufa. Kusikiliza kuna gharama. Yesu aliweza kumfufua yule mtoto. Muuguzi wetu hawezi. Kwa hiyo simwambii asimamishe foleni nusu saa kwa kila mtu. Namwambia maneno machache: "Mama, nakutoa damu vijiko viwili, tuangalie kama una malaria na kama damu inatosha. Majibu ni saa nane, njoo dirisha lile." Hesabu mwenyewe ni sekunde ngapi. Foleni haikufa kwa sekunde hizo. Inakufa pale watu wanapoacha kuja.

Woga una historia

Kuna mama mmoja anayeuza chai, nilimsindikiza katika hospitali moja, jina nitaliacha. Alitolewa damu asubuhi. Mchana akaitwa tena, akatolewa tena, bila neno. Tulipouliza tukaambiwa tu, "Ni utaratibu." Mimi nadhani damu ya kwanza iliharibika, inatokea, hasa kwa joto hili, damu ikigandia mahali isipotakiwa au chupa ikikaa nje ya ubaridi. Lakini yeye hakuambiwa. Aliporudi nyumbani alikuwa na hakika moja: ile ya kwanza wameiuza. Miezi baadaye akiwa mjamzito alikataa kabisa kutolewa damu. Mumewe na akina mama wa kanisa walikaa naye siku tatu ndipo akakubali, na ikaonekana kwamba damu yake ilikuwa chini sana. Akapewa vidonge na akajifungua salama. Angeendelea kukataa je? Nani angekuwa na deni la hilo?

Msimcheke. Woga huu haukuanza jana. Babu zetu wa pwani na bara walijua neno mumiani. Siku za mkoloni, Nairobi na kwingineko, watu waliogopa wazimamoto, wakiamini kwamba wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 2000. Hakukuwa na wazimamoto wanaonyonya damu. Lakini kulikuwa na wageni wenye mamlaka, waliochukua ardhi, kodi na kazi ya watu bila kuuliza wala kueleza. Mtu aliyezoea kuchukuliwa kila kitu bila maelezo, ukija kwake na sindano bila maelezo, unategemea afikirie nini?

Na mara nyingine woga una sababu kabisa. Huko Marekani, chini kabisa katika bonde la Grand Canyon, kuna jamii ndogo ya wenyeji wa asili waitwao Havasupai. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua damu yao. Watu walikubali kwa sababu kisukari kilikuwa kinawamaliza, na waliamini damu ile inatafuta chanzo chake. Baadaye wakagundua kwamba damu ileile imetumika kuchunguza mambo mengine: magonjwa ya akili, na hata asili ya jamii yao, jambo lililogongana na imani yao juu ya mahali walikotoka. Wakaenda mahakamani. Aprili 2010 chuo kilikubali kuwalipa watu 41 dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Walienda wenyewe kuichukua kwenye majokofu.

Sioni tofauti kubwa kati yao na Daudi. Fedha walipata, lakini walitaka damu irudi, kwa sababu haikuwa ya chuo. Ilitolewa kwa kusudi moja ikatumiwa kwa lingine. Hiyo ndiyo maana ya kuvunja amana, hata kama hakuna aliyekufa.

Lakini tusiikimbie sindano

Sasa nisieleweke vibaya. Ndugu mwingine akisoma hapa atasema, "Basi, pasta amesema tusitolewe damu." Sijasema hivyo! Nasema kinyume chake. Amana ni kitu cha thamani kwa pande zote mbili, na majibu yanayotoka ndani ya damu yameokoa watu wa mkoa huu.

Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za El Niño zilipofurika, watu wa Garissa walianza kufa wakitokwa na damu, na mifugo ikafa pamoja nao. Hakuna aliyejua ni nini mpaka damu ya wagonjwa ilipofika maabara, hata za nje ya nchi, na jina likapatikana: homa ya Bonde la Ufa. Desemba 2006 ugonjwa uligunduliwa tena Garissa, na ulipoisha mwaka 2007 zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa Kenya. Lakini kwa kuwa ugonjwa ulijulikana, watu walizuiwa kuchinja, mifugo haikuruhusiwa kuhamishwa, na chanjo ya wanyama ikaletwa. Kila mfugaji aliyenyoosha mkono wake akatolewa damu alisaidia boma la mwenzake.

Au chukua kalaazar, iliyozuka Wajir na Mandera mwaka 2000 na 2001 na kuwaangusha mamia ya watu. Inaenezwa na mdudu mdogo kuliko mbu, anayependa nyufa za vichuguu. Homa inakaa wiki na wiki, mtoto anakonda, wengu linavimba. Ukikisia tu, utasema malaria, utanunua dawa ya malaria, na mtoto ataendelea kuisha. Bila matibabu karibu kila mgonjwa hufa. Siku hizi kuna kipimo cha haraka kinachotaka tone moja la damu kutoka kidoleni. Tone moja! Mzazi akilikataa kwa sababu mwaka jana kuna mtu alichukua damu yake akanyamaza, basi kile kimya cha mwaka jana kimemdhuru mtoto wa mwaka huu. Ndiyo maana nasema deni hili si la adabu tu. Ni la uhai.

Cheti cha harusi

Hapa nagusa nyumba yetu wenyewe, na najua si wazee wote watakubaliana nami. Yako makanisa Kenya ambayo hayafungishi ndoa mpaka wachumba walete majibu ya kipimo cha HIV mezani kwa mchungaji. Nia ni njema: kulinda. Lakini sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti HIV na UKIMWI inakataza mtu kumlazimisha mwingine kupimwa kama sharti la ndoa. Na hata sheria isingekuwepo, amana ni ya nani? Damu ni ya yule dada na yule kaka. Majibu ni yao wawili. Tuwashauri wapime, tuwasindikize, tukae nje tukiwaombea wanapongoja, na tuwafundishe kwamba kumficha mchumba wako jambo kama hilo ni dhambi. Lakini karatasi isomwe na wao. Faili la ofisi ya kanisa si mahali pa damu ya mtu.

Ni vivyo hivyo kwa mume anayedai aletewe majibu ya mkewe kabla mke mwenyewe hajayasikia, na kwa watoto wanaomficha baba yao mzee majibu mabaya, ati asishtuke. Nawaelewa, ni upendo. Lakini mwenye damu ndiye wa kwanza. Akishajua, ataamua mwenyewe nani aambiwe.

Sehemu yetu

Tumesema sana juu ya anayechukua. Na sisi tunaotolewa, na kanisa, tuna sehemu yetu.

Kwanza, uliza. Kuuliza si utovu wa adabu. Sema, "Dada, unapima nini? Majibu ni lini? Nimuulize nani?" Halafu taja majina yako matatu na uangalie yameandikwa kwenye chupa yako ukiwa bado umekaa. Hapa Diff ukiita Fatuma Abdi watageuka watu watano.

Pili, rudi uchukue majibu. Deni lina pande mbili. Muuguzi hawezi kulipa kwa mtu asiyeonekana. Na kama kipimo hakifanyiki hapa, na chupa imesafiri Wajir au Garissa, andika tarehe na ufuatilie.

Tatu, tuache kuwatisha watoto. "Ukinisumbua nitamwambia daktari akudunge." Halafu siku mtoto akiumwa unashangaa anapiga kelele mlangoni. Wala usimdanganye kwamba haiumi. Mwambie, "Itauma kidogo, kama mwiba, nitakushika mkono." Mtoto anayeambiwa ukweli kuhusu mwiba atakuamini ukimwambia kuhusu Mungu.

Nne, mtu akizirai akiona damu, si pepo. Mapigo ya moyo yanashuka, mishipa inalegea, damu inapungua kichwani. Mlaze chini, inua miguu yake, mpe hewa. Mwombee, ndiyo, lakini usianze kukemea juu ya kichwa cha mtu anayehitaji kulala dakika tano. Na anayejua kwamba huzirai, aseme mapema, atolewe akiwa amelala.

Tano, tuwe majirani. Wengi wetu tumetoka sehemu nyingine za Kenya na tumekuja hapa kama walimu, wauguzi, mafundi. Wengine wetu tumejifunza Kisomali. Bibi anayejua neno dhiig tu na hajui damu, akipata mtu wa kumtafsiria, hofu yake yote inashuka. Ila anayetafsiri afunge mdomo akitoka nje. Alichosikia ni amana pia. Na mwezi wa Ramadhani jirani akiuliza kama anaweza kungoja mpaka baada ya futari ndipo atolewe damu, hilo ni jambo lake na shekhe wake. Kazi ya muuguzi ni kumuuliza kwa heshima, na kumwambia kama kungoja kuna hatari.

Sita, tusiwaambie wagonjwa kwamba kupimwa ni kukosa imani. Yesu alimwambia mwenye ukoma aliyetakaswa aende akajionyeshe kwa kuhani. Uponyaji wa kweli hauogopi kuchunguzwa.

Kwa ninyi wauguzi na watu wa maabara mnaosali nasi: tunajua mishahara inachelewa, glavu zinaisha, na umeme unapotea jokofu likiwa limejaa. Kanisa linawaombea, na Jumapili hii tutawasimamisha mbele tuwawekee mikono. Lakini na ninyi, mnapofunga ule mpira mkononi mwa mtu na kutafuta mshipa, kumbukeni kwamba Biblia inaweka uhai wa mwili ndani ya kitu kile mnachokitoa. Mwambieni mwenyewe kwa nini. Mwambieni lini. Na siku ikifika, mwambieni nini mmekikuta.

Tuombe: Baba, umetuumba, na hakuna tone ndani yetu usilolijua. Wape mikono ya upole wanaotuhudumia. Wape wagonjwa ujasiri wa kuuliza na subira ya kungoja. Utufanye waaminifu kwa kila tulichokabidhiwa na wenzetu, hata kikiwa kijiko kimoja. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mbarikiwe.